Yajnavalkya, mwenye hekima wa Videha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikimtaja Yajnavalkya mbele ya watu, maswali huja yaleyale. Nimeyakusanya hapa kwa sababu yaliyoandikwa juu yake kwa Kiswahili ni machache mno, na kwa sababu anayemjua kwa kaulimbiu ya maneno mawili tu, "neti neti", amepunjwa. Majibu hayalingani urefu. Mengine yanaisha kwa mistari miwili, mengine nimeshindwa kuyafupisha.

Yajnavalkya ni nani hasa?

Ni rishi, yaani mwenye hekima na mwalimu wa Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, wa kaskazini mwa Bara Hindi. Sauti yake tunaisikia zaidi katika Brihadaranyaka Upanishad, mojawapo ya Upanishad (maandiko ya falsafa yanayohitimisha Veda) kongwe na ndefu kuliko zote. Kitabu hicho kina sura 6, na sura ya 3 na ya 4 karibu zote ni mazungumzo yake: na makuhani waliotaka kumwaibisha, na mfalme Janaka, na Maitreyi, mke wa Yajnavalkya mwenyewe. Kabla ya hapo anatajwa mara nyingi katika Shatapatha Brahmana, kitabu kikubwa cha taratibu za kafara, akitoa hukumu juu ya mambo kama vile sadaka itolewe vipi na nani akae wapi.

Kwa hiyo alianza kama mtaalamu wa ibada kabla ya kuwa mwanafalsafa. Ukilisahau hilo, mengi aliyoyasema baadaye hayataeleweka.

Jina lake linatamkwaje?

Yaa-jna-val-kya. Wasemaji wa Kihindi husema Yagyavalkya. Ni mtu yuleyule.

Aliishi lini, na wapi?

Wanazuoni wengi humweka karne ya 8 au ya 7 KK, kabla ya Buddha. Hakuna jiwe lililochongwa jina lake. Tarehe hiyo inatokana na lugha ya maandiko na mpangilio wake.

Mahali ni Videha, ufalme wa Janaka. Eneo lake leo limegawanyika kati ya jimbo la Bihar nchini India na nyanda za kusini mwa Nepal, na watu wengi huliita Mithila. Upande wa Nepal kuna mji wa Janakpur, wenye jina la mfalme huyo. Mapokeo yanasema Janaka ndiye baba yake Sita, yule wa utenzi wa kale wa Ramayana. Upanishad yenyewe haimtaji Sita, na Janaka lilikuwa jina la wafalme zaidi ya mmoja wa Videha.

Je, alikuwa nabii?

Hapana, si kwa maana tunayoijua sisi Waislamu na Wakristo. Hakutumwa na Mungu kupeleka ujumbe kwa kaumu fulani, wala hakudai hivyo. Rishi ni mtu aliyeona jambo kwa undani na anayeweza kukuongoza ulione pia. Yajnavalkya haombi aaminiwe, anaomba aulizwe. Ndiyo maana karibu kila alichofundisha kimo ndani ya swali la mtu mwingine.

Kisa cha ng'ombe elfu moja ni kipi?

Janaka alifanya kafara kubwa yenye zawadi nono, na Mabrahmini, watu wa tabaka la makuhani na wasomi, wakaja kutoka mbali, hata kutoka nchi za Kuru na Panchala. Mfalme akatamani kujua ni nani kati yao mwenye elimu kuliko wote. Akaamuru ng'ombe 1,000 watiwe zizini, na kwenye pembe za kila mmoja vikafungwa vipande kumi vya dhahabu. Akasema: "Waheshimiwa, aliye Brahmini mkubwa kuliko wenzake na awaswage hawa."

Kimya. Nani angethubutu kusimama na kujitangaza mbele ya wenzake?

Yajnavalkya akamgeukia mwanafunzi wake: "Samashravas, mwanangu, waswage." Kijana akawaswaga.

Hasira zikawapanda wenzake. Ashvala, kuhani wa Janaka mwenyewe, akamkabili: "Kweli wewe, Yajnavalkya, ndiwe mwenye elimu kutushinda sisi sote?" Akajibu: "Aliye na elimu kuliko wote tunamwinamia. Sisi tunataka ng'ombe tu."

Napenda sana jibu hilo. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na ng'ombe walikuwa njiani tayari. Tangu hapo wakamshambulia kwa maswali mmoja baada ya mwingine, watu wanane kwa jumla, na sura ya 3 yote ndiyo mashambulizi hayo.

Ni nini alichomwambia Artabhaga faraghani?

Artabhaga aliuliza swali ambalo kila aliyewahi kuzika analijua. Mtu akifa, alisema, sauti yake hurudi kwenye moto, pumzi kwenye upepo, jicho kwenye jua, akili kwenye mwezi, mwili kwenye ardhi, nywele kwenye mimea, damu kwenye maji. Basi mtu mwenyewe yuko wapi wakati huo?

Yajnavalkya, aliyekuwa akiwajibu watu kwa sauti kubwa mbele ya mfalme, akabadilika. "Nishike mkono, ndugu yangu Artabhaga. Hili tutalijua sisi wawili tu. Si la mbele ya watu." Wakatoka nje. Kwa Kiswahili tungesema alikataa kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Kitabu kinatuambia kwa mstari mmoja tu walichozungumza: karma, yaani matendo. Mtu huwa mwema kwa tendo jema na huwa mbaya kwa tendo baya.

Leo neno karma limezagaa kila mahali, hata watu wasiojua Uhindu hulitumia mtu akipatwa na mabaya. Hapa ni mojawapo ya mahali pa kale kabisa ambapo fundisho hilo linaonekana waziwazi, na lilisemwa kwa kushikana mikono, mbali na umati, kama siri nzito.

Baadaye, akiongea na Janaka, analieleza zaidi. Kama mtu anavyotamani ndivyo anavyoazimu, anavyoazimu ndivyo anavyotenda, anavyotenda ndivyo anavyokuwa. Anatoa na mfano wa kiwavi: akifika ncha ya jani hushika jani jingine kwanza, ndipo hujivuta. Na mfano wa sonara, anayechukua kipande cha dhahabu na kukifua kiwe umbo jipya na zuri zaidi. (Sonara, neno tulilochukua kutoka lugha za Kihindi, pamoja na kazi yenyewe.)

Gargi ni nani, na kwa nini anakumbukwa?

Gargi Vachaknavi alikuwa mwanamke pekee katika baraza lile, na ndiye aliyemhoji Yajnavalkya kwa ukali wenye mpango kuliko wote. Alisimama mara mbili.

Mara ya kwanza aliuliza kwa lugha ya wafumaji. Ikiwa vyote hivi vimefumwa juu ya maji, mtande kwa mshindio, maji yenyewe yamefumwa juu ya nini? Juu ya upepo. Na upepo? Akapanda hivyo ngazi kwa ngazi, kupita anga, jua, mwezi, nyota na miungu, hadi Yajnavalkya akamwambia aache, asije akaangukwa na kichwa. Gargi akakaa kimya.

Wengi huishia hapo na kusema alinyamazishwa. Endelea kusoma. Uddalaka, muulizaji mwingine, anauliza lake, kisha Gargi anasimama tena na kuwaomba Mabrahmini ruhusa ya maswali mawili. Anamwambia Yajnavalkya: kama kijana shujaa wa Kashi au Videha anavyotia upote kwenye upinde na kusimama na mishale miwili mkononi, ndivyo ninavyosimama mbele yako. Nijibu.

Anauliza: kilicho juu ya mbingu, chini ya ardhi na katikati yake, kilichopita, kilichopo na kitakachokuja, vimefumwa juu ya nini? Juu ya akasha, anga tupu. Na akasha imefumwa juu ya nini? Jibu la Yajnavalkya ni Akshara, Isiyoharibika: si nene wala nyembamba, si fupi wala ndefu, haina kivuli wala giza, haina jicho wala sikio. Haionekani, ila ndiyo inayoona. Haisikiki, ila ndiyo inayosikia.

Gargi ndiye anayetoa hukumu. Anawageukia wanaume wote na kuwaambia wajihesabu wamepona ikiwa watamponyoka mtu huyu kwa kumwinamia tu, kwani hakuna atakayemshinda. Aliyekubalika kuwa mwamuzi wa baraza hawezi kuitwa aliyenyamazishwa.

Je, ni kweli mtu mmoja alidondokwa na kichwa?

Ndivyo kitabu kisemavyo kuhusu Vidagdha Shakalya, wa mwisho kuuliza. Alishikilia kuhoji hata baada ya Gargi kuonya. Yajnavalkya akamgeuzia swali lake mwenyewe, akashindwa kulijibu, na kichwa kikaanguka. Wezi wakabeba mifupa yake wakidhani ni kitu kingine. Wengine husoma kama ilivyoandikwa, wengine husema ni namna ya kueleza fedheha ya kushindwa hadharani. Mimi naona kitabu kinaonya juu ya kuuliza kwa nia ya kumwangusha mtu, maana Gargi aliuliza makali zaidi na akarudi kwake salama.

Wahindu wana miungu mingapi? Yajnavalkya alisemaje?

Shakalya huyohuyo aliuliza, na jibu alilopewa na Yajnavalkya nalirudia kwa kila anayeniuliza mimi.

"Miungu ni mingapi, Yajnavalkya?" Mia tatu na mitatu, na elfu tatu na mitatu, ndiyo kusema 3,306. "Sawa, lakini hasa ni mingapi?" 33. "Sawa, lakini hasa ni mingapi?" 6. Kisha 3. Kisha 2. Kisha mmoja na nusu. Kisha mmoja.

Ile 33 anaitaja: Vasu 8, Rudra 11, Aditya 12, na Indra na Prajapati. Mmoja na nusu ni upepo. Na mmoja ni pumzi, prana, ambayo anaiita Brahman, uhalisi mkuu ulio nyuma ya vyote. Anayesema Wahindu wana miungu mingi na anayesema wana mmoja wote wanaweza kunukuu ukurasa uleule. Kwa Yajnavalkya ile mingi ni nguvu na sura za yule mmoja.

"Neti neti" maana yake nini?

Kwa Kisanskriti ni na iti, "si hivi". Ukisema mara mbili: si hivi, si hivi. Ndiyo kauli yake mashuhuri kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa zaidi, kwa sababu watu hudhani anasema hakuna kitu.

Anachosema ni kwamba kila unachoweza kukionyesha kwa kidole kimekwisha kuwa kitu mbele yako, na wewe uko upande wa pili, ukikitazama. Jicho ni lako, kwa hiyo si wewe. Pumzi ni yako, kwa hiyo si wewe. Fikra unazijua zikija na zikienda, kwa hiyo si wewe. Ondoa kimoja kimoja. Kitakachobaki hakiwezi kuondolewa, maana ndicho kinachoondoa.

Mbrahmini mmoja, Ushasta, hakuridhika. Alimwambia: umenieleza kama mtu anayesema "huyu ni ng'ombe, huyu ni farasi", nionyeshe nafsi yenyewe waziwazi. Akajibiwa: huwezi kumwona anayeona kuona kwako. Ni jibu gumu, lakini lijaribu. Tafuta kwa macho yale macho unayotafutia.

Atman ni nafsi au ni roho?

Natumia nafsi, na nina sababu. Katika Kisanskriti atman ni neno la kawaida la "mwenyewe", kama sisi tunavyosema "nilimwona kwa nafsi yangu". Roho haifanyi kazi hiyo. Ila kuna tahadhari: katika mawaidha yetu nafsi mara nyingi ni ile yenye tamaa, inayomwamuru mtu mabaya. Nafsi ya Yajnavalkya haitamani chochote. Tamaa nayo ni kitu inachokiona kikipita.

Mfano wa chumvi ni wake?

Kuna mifano miwili ya chumvi, na watu huichanganya. Ule wa mwana anayeambiwa atie chumvi majini usiku na kuionja asubuhi juu, katikati na chini, ni wa Uddalaka na mwanawe Shvetaketu, katika Chandogya Upanishad.

Wa Yajnavalkya ni huu: donge la chumvi likitupwa majini huyeyuka, huwezi kulishika tena ulitoe, lakini popote utakapochota ni chumvi. Ufanye siku moja kwa chumvi ya mawe na bakuli. Ukikoroga, donge linapungua, kingo zinalainika, halafu kuna kitambo kidogo ambapo bado unaliona kama ukungu chini ya bakuli. Kisha halipo. Chovya kidole ulambe. Hivyo ndivyo, alisema, kile kikuu kisicho na mwisho kilivyo ujuzi mtupu.

Mazungumzo yake na Maitreyi yalikuwaje?

Yajnavalkya alikuwa na wake wawili, Maitreyi na Katyayani. Alipoamua kuacha nyumba na kwenda, alimwita Maitreyi ili amalize mgawanyo wa mali kati yake na mwenzake.

Maitreyi akauliza: "Bwana wangu, dunia nzima hii iliyojaa utajiri ingekuwa yangu, je, ningekuwa sifi?" "Hapana," akajibu. "Maisha yako yangekuwa kama ya matajiri. Kutokufa hakutumainiwi kwa mali." "Basi nifanye nini na kile kisichoniondolea kifo? Unachokijua wewe, niambie."

Alifurahi. Akamwambia: ulikuwa mpenzi wangu, na sasa umezidi, njoo, keti. Akaanza: si kwa ajili ya mume mume hupendwa, ni kwa ajili ya nafsi. Si kwa ajili ya mke, wala watoto, wala mali. Msomaji wa haraka husikia ubinafsi hapo. Lakini nafsi anayoisema ni ileile moja iliyomo kwa mume, mke na mtoto, na ndiyo inayofanya kupendana kuwezekane.

Kisha akasema jambo lililomtisha: baada ya kufa hakuna tena fahamu. Maitreyi akamkatiza. Hapo, bwana wangu, umenichanganya. Naye akaeleza: palipo na wawili, mmoja humwona mwingine, humsikia mwingine, humjua mwingine. Yote yakiwa nafsi tupu, nani amwone nani, na kwa nini? Yule ambaye kwake vyote vinajulikana, ajulikane kwa kitu gani?

Kuhusu Katyayani, kitabu kinasema tu kwamba alijua mambo ya wanawake. Nadhani hakutendewa haki. Nyumba ile ilikuwa na wanafunzi na mifugo, na mtu fulani alihakikisha wamekula.

Mfalme Janaka alifundishwa nini?

Kisa ninachokipenda kiko katika Shatapatha Brahmana. Janaka alimuuliza kuhusu Agnihotra, sadaka ya maziwa inayotiwa motoni asubuhi na jioni. Usipokuwa na maziwa? Mchele na shayiri. Hakuna? Mimea mingine. Hakuna? Mimea ya porini. Hakuna? Matunda ya miti. Hakuna? Maji. Na kama hata maji hakuna?

"Hapo kusingekuwa na kitu chochote," alisema, "na bado sadaka ingetolewa: ukweli ndani ya imani." Mfalme akampa ng'ombe mia.

Huyu ni mtaalamu wa ibada aliyeondoa kila kifaa cha ibada, na ibada ikabaki. Neti neti imo humo tayari.

Katika Upanishad, Janaka anauliza: mtu hutumia nuru gani? Jua. Likizama? Mwezi. Ukizama? Moto. Ukizimika? Sauti, maana hata usipoona mkono wako mwenyewe, panaposikika sauti utapafikia. Kila umeme unapokatika usiku nyumbani na mtu akaita "niko huku!" namkumbuka. Sauti nayo ikinyamaza? Nafsi ndiyo nuru yake.

Aliwahi kuwa mwanafunzi wa nani?

Brihadaranyaka inamtaja kama mwanafunzi wa Uddalaka Aruni. Na Uddalaka huyo ni mmojawapo wa waliomhoji barazani, tena kwa vitisho. Fikiria kumjibu mwalimu wako mbele ya mfalme.

Mapokeo ya Purana, vitabu vya visa vya kale vya Wahindu, yanasimulia mwalimu mwingine, Vaishampayana, aliyegombana naye na kumwamuru arudishe elimu yote aliyompa. Yajnavalkya akaitapika, wanafunzi wengine wakajigeuza kware wakaila, ndipo likapatikana tawi la Taittiriya la Yajurveda, mojawapo ya Veda, kutoka jina la ndege huyo. Yeye akaliomba jua, likamfundisha kwa umbo la farasi. Hiyo ndiyo asili, kwa mapokeo, ya Yajurveda Nyeupe. Mabrahmini wengi wa Gujarat, walikotoka Wahindu wengi wa pwani yetu, ni wa hiyo Yajurveda Nyeupe.

Je, ndiye aliyeandika Yajnavalkya Smriti?

Hapana. Kitabu hicho cha sheria kina jina lake kwa heshima, lakini kilitungwa karibu miaka elfu moja baadaye. Hata hivyo kina uzito wake. Kinamweka mjane katika orodha ya warithi wa mume asiye na mtoto wa kiume, mbele ya mabinti, wazazi na ndugu. Ufafanuzi wake, Mitakshara wa Vijnaneshvara, ulitawala urithi sehemu kubwa ya India kwa karne nyingi, na ni mwaka 2005 tu sheria ya India ilipowapa mabinti haki sawa na wana katika mali ya pamoja ya ukoo iliyofuata mfumo huo.

"Aham Brahmasmi" na "Asato ma sadgamaya" ni maneno yake?

La kwanza maana yake "Mimi ni Brahman", la pili "Nitoe kwenye yasiyo kweli unipeleke kwenye kweli". Yote mawili yamo katika Brihadaranyaka, lakini katika sura ya 1, na si kinywani mwake.

Nianzie wapi kusoma?

Anza na Maitreyi. Mazungumzo yao yamewekwa mara mbili, sura ya 2 na ya 4. Soma ya sura ya 4, kwa sababu inaendelea hadi mwisho. Kisha rudi kwa Gargi, sura ya 3. Orodha za kafara za sura ya 1 ziache kwanza.

Alikufa vipi?

Kifo chake hakisimuliwi. Baada ya kumuuliza Maitreyi yule ajuaye atajulikana kwa kitu gani, alimwambia: umekwisha kufundishwa, Maitreyi, kutokufa ndiko huko. Aliposema hivyo, kinasema kitabu, Yajnavalkya akaenda zake.